Ndege Isiyoshuka Kisumu

Uwanja wa ndege unanuka mafuta ya taa. Wanaosafiri kila wiki hawaisikii tena harufu hiyo, lakini mimi huisikia tangu mlangoni, na kila mara hunirudisha kwenye chumba chetu cha mtaa wa Huruma, Nairobi, ghorofa ya tano, ambako mama aliwasha stovu alfajiri na moshi wake ukaingia kwenye nywele, kwenye sare za shule, hata kwenye chai. Siku niliyopanda ndege mara ya kwanza nilikuwa darasa la tatu. Niliposhuka kwenye basi nikaikuta harufu ya stovu yetu imetanda uwanja mzima, nilifurahi mno, nikajiambia kumbe ndege nayo ni kitu cha nyumbani, haiwezi kunidhuru. Nilijidanganya. Na niseme mapema ili tusisumbuane: haya si masimulizi ya mtoto aliyeyaona mawingu kwa mara ya kwanza akastaajabia kazi ya Mungu. Nimeyasoma mengi ya namna hiyo na yamenichosha. Mimi nina hasira, nimekuwa nayo tangu siku hiyo, na sioni kwa nini niifunike kwa kitambaa cha maua.

Chumbani tulikuwa wawili, mimi na mama. Baba alikuwa amekwenda zake zamani na hatukuwa tukimtaja. Mama alifua nguo za watu mtaa wa Donholm, akienda kwa miguu na kurudi kwa miguu, vidole vimekunjamana kwa maji na sabuni, na Jumapili alisimama kwenye kwaya ya kanisa letu akaimba kana kwamba wiki nzima alikuwa amelala. Lakini si yeye aliyenilea nikiwa mdogo. Nililelewa na mama yake, kule Maragoli, kwenye vile vilima vya mawe ambako kukiwa kweupe unaiona Kisumu huko chini na ziwa likimeta. Kwetu bibi huitwa guku, nami nilimwita hivyo kama vile ndilo jina lake. Guku ndiye aliyenifundisha kutembea, kusali, kupika mboga za kienyeji na kumkamata jogoo bila kumvunja mguu. Nilipofika umri wa shule mama alinileta Nairobi, na tangu hapo sikuwa nimerudi, kwa sababu nauli ilikuwa ikitushinda kila Desemba. Kisha habari zikaja kwamba macho ya Guku yanafungwa. Daktari alisema ni presha ya macho: kilichopotea hakirudi, na kilichobaki kitapotea pia. Guku hakuomba dawa wala miwani. Alituma ujumbe kupitia mwenye duka wa sokoni, ambaye peke yake pale kijijini alikuwa na simu: "Nileteeni Kageha nimwone kabla giza halijaingia." Kageha ni mimi. Mama alipoupata ujumbe huo aliketi kitandani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, akalia mpaka chai ikapoa.

Wiki hizo hizo wakaja shuleni kwetu watu wa chama fulani cha wahisani. Walitaka kuwachukua watoto wa mitaa yetu wakapande ndege, ati tupanuke mawazo, ati tujue kwamba hata sisi tunaweza kufika mbali. Tukapangwa mstari mbele ya kamera. Mwanamke mmoja aliyevaa fulana ya njano, mchangamfu kupita kiasi, akawa anamwuliza kila mtoto swali moja: ukipanda ndege ungependa kwenda wapi? Njoro, rafiki yangu, mtoto wa fundi viatu wa mlango wa pili, alisema Mombasa. Mwingine akasema Amerika. Zamu yangu ilipofika nikasema, "Kisumu, halafu kwa Guku wangu Maragoli. Anaumwa macho."

"Waah! Basi utafika kwa Guku!" akasema yule wa fulana ya njano, akaigeukia kamera na kutabasamu. Mama alikuwa pale kando na wazazi wenzake, na hakuliacha neno lile lielee hewani. Mama yangu si mjinga. Alimfuata hadi garini, mimi nikiwa nimemshika sketi, akamwuliza kwa adabu zote za mtu anayefulia watu nguo, "Madam, samahani, hiyo ndege inashuka Kisumu?" Naye, huku akitafuta kitu kwenye mkoba, akamjibu bila hata kuinua uso, "Mama, usijali. Ndege inafika kila mahali." Hivyo tu. Akafunga mlango wa gari. Ahadi ni deni, tumefundishwa hivyo tangu utotoni, lakini kumbe wako watu waliofundishwa kwamba ukimwahidi maskini umeshamlipa.

Nikifika hapa watu huanza kucheka. Wananiuliza, kwani mama yako hakujua? Nyamazeni kidogo basi. Mama alijua safari moja tu, ya basi la kwenda magharibi, na basi hilo husimama Nakuru likashusha watu, likasimama Kericho likashusha, likafika Kisumu likashusha, kila mtu na kwao. Kwake yeye, na kwa kila mzazi wa ploti yetu, chombo cha safari ni cha kumtoa mtu hapa kumpeleka pale. Nani mwenye akili timamu atawasha mtambo mkubwa kiasi kile, achome mafuta yote yale, halafu arudi alipotoka? Walidhani ndege itapita ikishusha watoto mmoja mmoja makwao, kisha siku ya shule kufunguliwa ipite tena ikituokota. Ndiyo, walidhani hivyo, na mpaka leo naona dhana yao ilikuwa na maana kuliko mpango wenyewe.

Basi wakatufungia mizigo. Mama Njoro alimtilia mwanawe kaptula ya kuogelea na chupa tupu ya kuletea maji ya bahari. Mama alinifungia mikate miwili, sukari, majani ya chai na kitambaa cha kichwa, chekundu cha kung'aa, ambacho alizunguka soko la Gikomba siku nzima kukitafuta. "Nyekundu ataiona," aliniambia. Kwetu mtu hatoki Nairobi akaenda kwa mzazi mikono mitupu, na mkate wa Nairobi ukifika kijijini hukatwa vipande vyembamba ili kila jirani aonje. Mama akampigia mwenye duka: mwambie mama aende Kisumu, uwanja wa ndege, Jumamosi, Kageha anakuja kwa ndege. Habari zikaenea ngazi zote za ghorofa yetu. Wengine walituombea, wengine wakatubeulia midomo. "Maskini akipata, matako hulia mbwata," nilimsikia jirani mmoja akisema kwenye kamba za nguo, makusudi tumsikie. Mama akaanika nguo zake, akaimba wimbo wa kanisani kwa sauti zaidi.

Asubuhi ya safari alinipaka mafuta mpaka magoti yakang'aa, akanishika kichwa kwa mikono miwili akasali. Alimwomba Mungu anifikishe, na amwache Guku na mwanga wa kutosha siku hiyo moja. Kisha akaniambia, "Ukiona maji mengi chini, hayana mwisho, ujue umefika. Usilale." Kwenye uwanja, tulipokuwa tukishuka basini, yule wa fulana ya njano akaanza kutunyang'anya mikoba. Ati yote ibaki kwenye basi. Mimi nikaukumbatia wangu. "Una nini humo, mrembo?" Nikamwambia mkate wa Guku. Akamtazama mwenzake, wakacheka, cheko lile la pua, akauchukua mkoba kwa vidole viwili kama aliyeokota panya. "Utaupata, usijali." Usijali tena! Nikadhani mizigo ya ndege hufuata nyuma, maana hata mizigo ya basi huwekwa juu ya paa. Nikapanda.

Ndege ikainuka. Watoto walipiga kelele, wengine wakaimba, Njoro alinifinya mkono mpaka ukafa ganzi huku akijigamba, "Mi siogopi, mimi hapa ni Mombasa tu." Niliona mabati, mabati, mabati, kisha mashamba, kisha mlima kwa mbali. Walitugawia juisi na biskuti. Biskuti niliitia mfukoni, ya Guku. Sikulala. Nilibandika uso dirishani nikitafuta maji yasiyo na mwisho, na kila bwawa lililometa nilishtuka nikajiweka sawa. Mwanamume mwenye kamera alipita akiniambia nicheke. Nikamwuliza kama ziwa limekaribia. Akasema, "Cheka kwanza." Ndege ikapinda upande, ikapinda tena, na mtu fulani akatangaza kwenye spika kwamba tunatua. Nikashangaa, sikuwa nimeliona ziwa, nikafikiri labda liko upande wa pili.

Nilishuka zile ngazi nikiwa nimejinyoosha, nikitafuta mwanamke mfupi wa gauni la kanisani. Harufu ya mafuta ya taa ikanipiga. Na pale mbele, limeegeshwa palepale, lilikuwa basi letu. Basi lile lile, na dereva yule yule, ameegemea mlango, njiti mdomoni. Nilimkimbilia. Naapa sikuwa na wasiwasi hata kidogo, nilimfurahia kama mtu wa kwetu. Nikamwuliza, "Ulifikaje Kisumu upesi hivi?"

Loo! Walicheka. Dereva alicheka mpaka njiti ikaanguka. Yule wa fulana ya njano alijishika mbavu, akawaita wenzake waje wasikie mtoto alivyosema. Akachuchumaa mbele yangu. "Mpenzi, hatukwenda mahali. Tulizunguka tu. Hii ni Nairobi." Nyuma yangu Njoro alikuwa akiuliza, "Kwani bahari iko wapi?" na alipoambiwa, aliitoa chupa aliyoificha ndani ya shati, akaitupa chini akaipiga teke. Mimi nilifungua mdomo nikapiga ukelele uliotoka kisiginoni. Ndipo kamera ikalia. Picha hiyo ipo mpaka leo: mtoto wa kike mbele ya ndege, mikono juu, mdomo wazi, mtu asiyejua atadhani ni furaha.

Mama alinikuta mlangoni jioni na mkoba wangu. Aliyaona machungu usoni, akaiona mikate haijaguswa, akashuka ngazi zote zile mbio bila viatu hadi kwenye kibanda cha simu. Mwenye duka akamwambia Guku aliondoka alfajiri na bado hajarudi. Tuliyajua mengine baadaye, kwa mjomba aliyemsindikiza. Guku alivaa gauni lake la kanisani. Jikoni alikuwa amemwachia shangazi kuku wa kumlaki mgeni. Kisumu wakasimama kwenye ua wa waya, na kila ndege iliposhuka Guku alimwuliza askari kama hiyo ndiyo ya watoto kutoka Nairobi. Askari alimfukuza wayani, akarudi, akamfukuza, akarudi. Mjomba alitaka kumsaidia kutazama, yeye akakataa katakata. "Usinionyeshe. Nitamtambua mwenyewe." Akawa anakodoa yale macho yaliyobaki, anamchunguza kila mtoto aliyeteremka ngazi, anauliza, "Si huyo wa gauni jeupe?" Mjomba anasema si huyo, mama. "Si huyo aliyebebwa?" Si huyo. Alisimama hapo tangu ndege ya kwanza mpaka jua likazama na geti likafungwa, akiyachosha macho yake juu ya watoto wa watu.

Tulimfikia Desemba ya mwaka uliofuata. Mama alikuwa ameongeza nyumba nyingine mbili za kufua, na wakati wote huo hakuimba hata ubeti mmoja pale chumbani. Nilipiga magoti mbele ya Guku nikiwa nimevaa kile kitambaa chekundu kichwani, upumbavu wa kitoto, nikitumaini. Alinyoosha mikono akakosa, akanipata bega, akapanda nayo shingoni, masikioni, kwenye paji la uso. "Umekuwa mkubwa," akasema. "Pua ni ya mama yako." Nikamwuliza kama anaona wekundu. "Siku ile kule Kisumu niliona watoto wengi," akasema. "Wazuri. Hao ndio ninaowakumbuka." Mama alitoka nje akasimama nyuma ya nyumba. Guku aliishi miaka mingine kadhaa, akacheka, akatuchapa kwa maneno, akala mikate yetu, lakini sura yangu hakuiona tena hadi tulipomzika, na hakuna aliyewahi kuja kutuambia pole.

Kule Huruma mama alibandikwa jina. Mama Kisumu. Hata watoto wadogo waliomkuta kwenye ngazi walimwuliza, "Mama Kisumu, ndege inatoka saa ngapi?" Alilibeba jina hilo miaka na mikaka. Nilipomaliza masomo nikapata kazi ya kuuza dawa za mifugo, kazi inayonipeleka Kisumu mara kwa mara, nilimwomba nimkatie tiketi ya ndege. Alikataa. Nikamwomba tena, akakataa. "Mimi na ndege tumemalizana," alikuwa akisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Aliona kosa ni lake. Hebu lione hilo! Aliyeahidi akiwa anapekua mkoba alilala usingizi wake siku hiyo hiyo, na aliyeuliza kwa adabu ndiye aliyebeba aibu maisha yake yote.

Mwaka jana nikapigiwa simu. Msichana mwenye sauti nzuri, wa chama kile kile. Kumbe wangali wakiwazungusha watoto. Wameitumia picha yangu miaka yote hii, wakanitafuta kupitia shule, wakataka niende nikawatie moyo watoto wa mtaa wa Mukuru wanaopelekwa mwaka huu. "Wewe ndiye ile picha yetu ya furaha," akaniambia. Nikamwambia nitakuja kwa sharti moja: ndege ishuke mahali. Popote. Iwashushe watoto wanyooshe miguu katika mji mwingine, wamsalimie mtu mmoja, ndipo warudi. Akacheka. Cheko lile la pua, nililitambua. "Lakini dada, lengo ni waonje tu." Waonje! Mtoto si mpishi wa harusi aonjeshwe mchuzi kisha aondolewe sahani. Nilimweleza habari za Guku mwanzo hadi mwisho, akasema pole sana, halafu akaniuliza kama basi naweza kutuma video fupi. Niliikata simu. Mfanyakazi mwenzangu aliyekuwa karibu alitikisa kichwa akasema asante ya punda ni mateke. Nikamwambia punda hupiga mateke kwa sababu ameshapakiwa mzigo wa kutosha, aniache.

Mwaka huu magoti ya mama yalikataa basi kabisa, na mjomba alikuwa akijenga upya kaburi la Guku kwa saruji. Mama alifikiri juma zima, kisha akasema haya, tupande ndege. Alivaa gauni la kwaya. Alinunua mkate mmoja, akaupakata mwenyewe, hakutaka utiwe kwenye mkoba, na kwenye ukaguzi alipoambiwa auweke kwenye mashine alimkazia askari wa pale macho mpaka ulipotoka upande wa pili. Mlangoni mwa ndege alimsimamisha mhudumu. "Binti yangu, hii inashuka Kisumu?" Ndiyo, mama. "Haizunguki?" Mhudumu akanitazama. Nikamwambia amjibu tu. "Haizunguki, mama. Inashuka." Njia nzima hakunywa wala kula. Alitazama mbele, mikono juu ya mkate. Kisha ziwa likajaa dirishani, maji mengi yasiyo na mwisho, magurudumu yakagonga chini.

"Kuna nini?" akauliza.

"Tumefika, mama."

"Wapi?"

"Kisumu."

Akageuka akalitazama ziwa. Akanigeukia mimi. "Lakini hata hatujakaa." Nilijua swali linalofuata, maana mimi mwenyewe nilikuwa nimelijibu zamani, mara ya kwanza kazi iliponileta huku kwa ndege, na sikuwahi kumwambia. "Siku ile," akasema, "walikuzungusha muda gani?"

"Muda kama huu, mama."

"Kama huu?"

"Kama huu. Labda na zaidi."

Watu walikuwa wameshasimama, wanateremsha mizigo, wanawasha simu. Mama hakusimama. Huyu ni mwanamke ambaye katika maisha yangu yote sijamsikia akimtukana hata panya wa chumbani, aliyewaambia asante waliomcheka, aliyeitikia jina la Mama Kisumu bila kufoka. Alivuta pumzi kama avutavyo kabla ya ubeti.

"Washenzi," akasema, kwa sauti ya kwaya, na ndege nzima ikageuka. "Washenzi wakubwa!"

Nikamfungulia mkanda. Akauweka mkate wake kwapani, akaninyooshea mkono nimwinue, tukashuka Kisumu.